Mla-asali na Jina Lililopotea

Mwaka 1787, katika kijiji cha Tršić magharibi mwa Serbia, mama mmoja alijifungua mtoto wa kiume. Watoto waliomtangulia walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine, na imani ya watu wa nchi ile ilikuwa na sababu yake: wachawi walao watoto wachanga. Kwa hiyo mtoto huyu aliitwa Vuk, yaani Mbwamwitu, kwa kuwa ilisadikiwa kwamba hakuna mchawi awezaye kuthubutu kumla mbwamwitu. Mtoto akaishi. Alikua akawa Vuk Stefanović Karadžić, mtu aliyewapa Waserbia kamusi yao, iliyochapwa Vienna mwaka 1818, na tahajia wanayoitumia hata leo. Ndani ya kamusi yake hakuona haya kueleza desturi hiyo, na kukiri kwamba jina lake mwenyewe lilitokana nayo. Alifariki mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 76.

Jina la mnyama, basi, laweza kuwa ngao. Lakini katika ukoo huo huo wa lugha yuko mnyama mwingine aliyeogopwa kiasi kwamba jina lake halikuthubutiwa kutamkwa, na kwa kutotamkwa likafa. Mnyama huyo ni dubu. Mmoja aliitwa kwa sauti ili jina lake limlinde mtoto. Mwingine alinyamaziwa ili jina lake lisimlete msituni. Hofu ni moja, njia ni mbili, na matokeo yake yako katika vinywa vya mamilioni ya watu hata leo. Mtu atakaye kujua kwa nini jambo hili lina maana kwa mwanafunzi wa lugha yoyote, hana budi kuanza kwa kuwatazama wasemaji wenyewe.

Lugha za Waslavi ni ukoo mkubwa. Upande wa mashariki ziko Kirusi, Kiukraine na Kibelarusi; upande wa magharibi Kipolandi, Kicheki, Kislovakia na Kisorbi; upande wa kusini Kislovenia, Kikroatia, Kibosnia, Kiserbia, Kimontenegro, Kimasedonia na Kibulgaria. Yapata miaka 1,500 iliyopita wazee wa wasemaji hawa walikuwa bado wakielewana katika lugha moja, ambayo haikuandikwa. Hakuna jiwe wala ngozi iliyohifadhi maneno yake ya wakati ule. Walakini maneno hayo yanajulikana kwa sehemu kubwa, maana watoto wakikusanywa pamoja, sura ya mzazi huonekana katika nyuso zao.

Ng'ombe ni mfano ulio wazi. Mrusi humwita korova, Mpolandi krowa, Mcheki kráva, Mserbia krava. Kunguru naye kwa Mrusi ni vorona, kwa Mpolandi wrona, kwa Mcheki vrána, kwa Mserbia vrana. Msomaji ataona mara moja kwamba tofauti hizi si za ovyo. Palipo na oro kwa Mrusi, pana ro kwa Mpolandi na ra kwa Mcheki na Mserbia, na sheria hiyo hushika neno baada ya neno. Ni kanuni ile ile inayomwezesha msemaji wa Kiswahili kutambua nyoka wake katika inyoka ya Mzulu na katika njoka ya Mchewa. Ng'ombe wa Waslavi, zaidi ya hayo, ana jamaa nje ya nyumba: karvė ya Kilituanya, na cervus ya Kilatini, ambayo maana yake ni ayala. Wataalamu wengi huona katika maneno haya asili moja iliyohusu pembe. Ng'ombe na ayala walikuwa wenye pembe kabla hawajatengwa, mmoja akaingia zizini na mwingine akabaki mwituni.

Mbwamwitu naye ni mrithi wa jina la kale mno. Volk kwa Mrusi, wilk kwa Mpolandi, vlk kwa Mcheki, vovk kwa Mwukraine, vuk kwa Mserbia. Na nje ya Waslavi, vilkas kwa Mlituanya, vrka katika Kisanskriti, wolf kwa Mwingereza. Neno hili limepita vinywa vya vizazi visivyohesabika, kutoka kwa watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya Warusi na Waserbia kuwako, na halikukatika mahali. Waslavi walimwogopa mbwamwitu. Walimpa lakabu, kama Warusi wamwitavyo wa kijivu, na wana methali nyingi zinazoonya kwamba akitajwa huja. Mserbia husema: sisi twasema mbwamwitu, na mbwamwitu yu mlangoni. Pamoja na hayo jina lake la asili walilihifadhi.

Dubu hakupata bahati hiyo. Jamaa wa mbali wa Waslavi walimjua kwa neno moja la kale: Myunani alimwita arktos, Mlatini ursus, Mhindi wa zamani rksha. Kwa kanuni zile zile zilizofuata mbwamwitu na ng'ombe, Waslavi nao walistahili kuwa na mtoto wa neno hili. Hawanaye. Badala yake Mrusi husema medved, Mcheki medvěd, Mserbia medved, Mpolandi niedźwiedź, Mwukraine vedmid. Maneno haya yote yametoka katika lakabu moja iliyofumwa kwa maneno mawili, medu, yaani asali, na ed, yaani kula. Dubu ni Mla-asali. Mwaka 1906 mtaalamu Mfaransa Antoine Meillet alieleza jambo hili kwa mwiko: wawindaji wa kaskazini walichelea kumtaja mnyama kwa jina lake, wakamtaja kwa tendo lake, kama watu wamtajavyo mkubwa asiyekuwapo kwa kusema yule bwana. Mwiko huu haukuwa wa Waslavi peke yao. Majirani zao Walituanya humwita dubu lokys, na Wajerumani Bär, na maneno hayo nayo si watoto wa jina la kale.

Hapa kuna funzo ambalo wepesi wa kusoma waweza kulipita. Lakabu ilibuniwa ili ifunike jina. Aliyeibuni alilijua jina lile. Alilitunza moyoni na kulificha mdomoni. Pengine mwanawe naye alilijua, aliponong'onezwa na baba yake siku ya kwanza ya kwenda mawindoni. Lakini alikuja mjukuu ambaye hakunong'onezewa. Kwake yeye Mla-asali halikuwa lakabu tena, lilikuwa ndilo jina. Na kwa kuwa hofu haikufa pamoja na neno, jina jipya nalo likaanza kuogopwa. Warusi wakatafuta lakabu ya lakabu: Misha, ambalo ni jina la kubembeleza la Mikhail, Kosolapi, yaani mwenye nyayo za upande, na Siberia, Mwenyeji, bwana wa msitu. Wabulgaria humwita mechka, na medved kwao limerudi nyuma. Kifuniko kikafunikwa, na chini ya vifuniko hivyo viwili hakuna mtu akumbukaye palikuwa na nini.

Nyoka alitendewa jambo la namna hiyo, ila kwa huruma kidogo. Neno la kale, lililo jamaa ya anguis ya Kilatini, Wapolandi wanalo bado, wąż, na kwao humaanisha nyoka yeyote. Warusi wanalo pia, katika sura ya uzh, lakini limepungua. Humtaja nyoka mmoja tu wa majanini, asiye na sumu. Nyoka wa kuogopwa Mrusi humwita zmeya, neno lililozaliwa na zemlya, yaani ardhi. Zmeya ni Wa-ardhini. Jina la asili liliachiwa yule asiyeua, na yule auaye akapewa jina la kuzunguka. Kicheche wa Wabulgaria naye, mwizi wa kuku na mayai, huitwa nevestulka, yaani bibiarusi mdogo. Mtu aliyeamka asubuhi akakuta manyoya ya kuku wake yametapakaa ua mzima hakuthubutu kumtukana mwizi. Alimwita kwa jina la harusi, akitumaini kwamba sifa itamwonea haya.

Ikiwa hofu ni mlango wa kwanza ambao majina haya yaliingilia, ujirani ni mlango wa pili. Farasi alikuwa na jina la kale sana katika ukoo wa Ulaya na Uhindi, ndilo equus la Kilatini na ashva la Kisanskriti. Waslavi wamelipoteza. Wana kon, neno la kwao wenyewe ambalo asili yake ina ubishi. Lakini Mrusi wa leo husema zaidi loshad, na hilo alilipata kwa Waturuki wa nyika za kusini, mabingwa wa farasi. Tarehe ya Kiev husimulia kwamba mwaka 1103 wakuu walikutana kushauriana juu ya vita na Wapolovtsi, watu wa nyika wenye lugha ya Kituruki. Baadhi yao walisema si vema kuwatoa wakulima shambani wakati wa masika na kuharibu farasi zao. Vladimir Monomakh akawajibu kwa kuwashangaa: wanamhurumia farasi wa mkulima, wala hawafikiri kwamba mkulima aanzapo kulima, Mpolovtsi atakuja, atampiga mshale, atamtwaa farasi, kisha ataingia kijijini kumtwaa mke na watoto. Neno la farasi katika jibu hilo ni loshad. Mkuu alilitumia neno lililotoka kwa watu wa nyika alipowaita wenzake kwenda kupigana na watu wa nyika.

Mbwa naye ana majina mawili. La kwanza, pyos kwa Mrusi, pies kwa Mpolandi, pes kwa Mcheki, ni la Waslavi wote. La pili, sobaka, ni la mashariki. Herodotus, mwanahistoria Myunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamedi, jamaa ya Waajemi, walimwita mbwa spaka; na wengi wameona humo asili ya sobaka. Lakini mwaka 1960 Mrusi Oleg Trubachov alichapisha kitabu kizima juu ya asili ya majina ya wanyama wafugwao katika lugha za Waslavi, na humo akatafuta asili ya neno hilo kwa Waturuki. Ubishi haujaisha. Mbwa aliyelala mlangoni mwa Mrusi kwa mamia ya miaka hajaonyesha bado cheti chake cha kuzaliwa, na hakuna aliyemfukuza kwa sababu hiyo.

Wanyama wa mbali walikuja kwa safari ndefu zaidi, na njiani walibadilishana nguo. Ngamia huitwa verblyud kwa Kirusi, wielbłąd kwa Kipolandi, velbloud kwa Kicheki. Waslavi walilipata neno hili kwa Wagothi, waliosema ulbandus wakimaanisha ngamia. Wagothi nao walilipata kusini, kwa Wayunani na Warumi, na huko lilikuwa jina la ndovu. Mahali fulani baina ya bahari ya kusini na misitu ya kaskazini, mnyama mkubwa wa kigeni ambaye wengi hawakupata kumwona aligeuka kutoka ndovu akawa ngamia. Asiwacheke mtu. Kiswahili nacho kilipohitaji jina la mnyama wa theluji ambaye Mserbia humwita vuk, kilitwaa mbwamwitu, ambaye katika mbuga za Afrika ni mnyama mwingine kabisa. Jicho lisilopata kuona hukopa kwa lililoona.

Ndovu, aliyenyang'anywa jina lake, kwa Waslavi huitwa slon. Baadhi ya wataalamu wameona humo arslan, ambalo kwa Waturuki ni simba. Wakiwa wamesema kweli, basi ngamia alivaa jina la ndovu, na ndovu akavaa la simba. Simba mwenyewe, lev, jina lake lilifika kaskazini kwa mikono ya Wajerumani, nao walilipokea kwa Warumi. Likakaa katika nchi zisizo na simba, hata likawa jina la watu, kama la mwandishi Lev Tolstoy aliyezaliwa mwaka 1828.

Nyani wa Waserbia na Wabulgaria ni majmun. Neno hili lilikwenda huko pamoja na dola ya Waturuki, nao walilipata kwa Waarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye baraka. Msomaji wa pwani atashtuka kidogo, maana analijua katika jina zuri la kike, Maimuna. Nyani alipewa jina la baraka, na sababu yake yafanana na ya bibiarusi wa Wabulgaria: kiogopwacho kwa nuhusi hupewa sifa. Warusi husema obezyana, neno la Mashariki ya Waislamu pia, na limo katika habari za Afanasi Nikitin, mfanyabiashara wa Tver aliyesafiri mpaka Uhindi baina ya miaka ya 1460 na 1470 na ushei, akasimulia nyani wenye mkuu wao na jeshi lao. Katika kurudi, jahazi lake lilitupwa kwenye pwani aliyoiita nchi ya Ethiopia. Alikaa huko siku 5, watu wa jahazi wakawagawia wenyeji mchele, pilipili na mikate ili wasiporwe, kisha wakashika njia ya Maskati. Bahari aliyoivuka ni hiyo hiyo iliyoleta maneno mengi ya Kiswahili.

Mlango wa tatu ni mali. Skot kwa Mrusi wa leo ni mifugo, lakini kwa Mrusi wa zamani lilikuwa pia fedha. Wengi hulihusisha na skatts ya Wagothi, iliyo jamaa ya neno la Wajerumani la hazina. Kuna mnyama mdogo wa misituni, jamaa ya kicheche, mwenye manyoya laini yaliyopendwa na matajiri. Waslavi humwita kuna. Ngozi yake ilikuwa malipo, na jina la ngozi likawa jina la kipimo cha fedha. Tarehe ile ile ya Kiev yasimulia kwamba mwaka 1018 watu wa Novgorod walichanga skot, kuna 4 kwa kila mwanamume na zaidi kwa wakubwa, ili kukodi askari wa kumsaidia Yaroslav, mtawala wao. Mchango ule ulitajwa kwa jina la ng'ombe na kuhesabiwa kwa jina la mnyama wa msituni. Mwaka 1994 Kroatia ilipotoa fedha yake mpya, iliiita kuna, na jina hilo likadumu sokoni mpaka yuro iliposhika mahali pake tarehe 1 Januari 2023.

Majina haya, yakikusanywa hivi, yaweza kumlevya mtu. Ndipo hatari ianzapo. Katika jina medved Mrusi asiyejua historia ya neno husikia ved, yaani kujua, na hufurahi kusema kwamba dubu ni Mjua-asali, mwenye hekima ya mzinga. Ni maelezo mazuri, nayo si ya kweli. Ile v ya katikati haina hekima yoyote ndani yake. Ni u ya medu iliyokutana na irabu ikageuka, kama mu na ana zinavyokutana katika Kiswahili zikazaa mwana. Mpolandi husikia katika wielbłąd ukubwa na kutangatanga, akamwona ngamia mkubwa atangaye jangwani. Lakini masikio yake yamelishona upya vazi la Wagothi. Tena slon hufanana na kitenzi cha kuegemea, na hadithi ya zama za kati ilidai kwamba ndovu hana magoti, hulala akiegemea mti, na mwindaji humnasa kwa kuukata mti huo. Hadithi yavutia, na neno lafanana, na kwa sababu hiyo hasa yapasa kutiliwa shaka.

Hapa ndipo elimu ya asili ya maneno inapokuwa mtihani wa tabia. Uongo wenye sura nzuri hauhitaji kutetewa; hupendwa bila wakili. Ukweli, aghalabu, huja na mguu mmoja, ukisema: mpaka hapa njia yaonekana, kutoka hapa ni giza. Mtu aliyechagua njia hii ngumu ni Max Vasmer, aliyezaliwa Petersburg mwaka 1886. Kwa miaka mingi alikusanya maandalizi ya kamusi ya asili ya maneno ya Kirusi. Januari 1944, Berlin ilipopigwa mabomu, nyumba yake iliteketea pamoja na maktaba yake na kadi alizoziandika. Alikuwa karibu na umri wa miaka 58. Alianza tena. Kamusi yake ilitoka Heidelberg baina ya miaka ya 1950 na 1958, na Trubachov akaifasiri kwa Kirusi na kuiongezea. Ndani yake msomaji hukuta mara kwa mara neno lililopimwa, maoni ya wataalamu yaliyopangwa, na mwisho wake kukiri kwamba asili ya neno haijabainika. Mtu aliyeunguliwa na kadi zake zote, kisha akaketi kuandika upya haijabainika, hakukosa ubunifu wa kutunga maelezo. Aliheshimu neno kuliko sifa yake.

Uko mtihani mwingine, nao ni wa kiburi. Karne ya 19 iliwakuta Wacheki chini ya dola ya Vienna, Kijerumani kikiwa ndicho lugha ya vyeo na ya masomo ya juu. Wasomi wao waliamua kuonyesha kwamba Kicheki chaweza kubeba elimu yoyote. Jan Svatopluk Presl, aliyezaliwa mwaka 1791, alichukua kazi ya kuwapa wanyama wa dunia nzima majina ya Kicheki. Kitabu chake juu ya wanyama wanyonyeshao kilitoka mwaka 1834. Pengine alikopa kwa ndugu, Warusi na Wapolandi, pengine aliunda. Ngwini, ndege wa baridi ya kusini ambaye Warusi na Wapolandi humwita kwa neno la Ulaya yote, kwa Wacheki ni tučňák, neno lililotokana na unono. Mtoto wa Praha hulitamka bila kujua kwamba liliketi siku moja juu ya meza ya mtu likingoja kukubaliwa. Kazi ya Presl yastahili heshima. Lakini aliyedhani kwamba kwa kazi kama hiyo lugha huwa safi, na amtazame farasi wa Waturuki, ngamia wa Wagothi, na paka, kot, aliyekuja na jina la Kirumi. Ukiwafukuza wote wenye majina ya wageni, zizi la Waslavi litabaki na wachache, wala halitakuwa la Kislavi zaidi ya lilivyokuwa jana. Neno huwa la watu kwa kutumiwa nao.

Baina ya majina haya yote, basi, yaliyorithiwa na yaliyokopwa, ya kuogopa na ya kuuza, ni machache mno yamwelezayo mnyama kwa ajili yake mwenyewe. Dubu hula vitu vingi, na asali ni kimoja tu. Nyoka hakujiita wa ardhini, wala kicheche hajawahi kuolewa. Majina haya ni ushahidi juu ya watu: walichokiogopa, walichokitamani, walionunua kwao, waliopigana nao. Kila shahidi ana haki ya kuhojiwa kwa adabu na kwa ukali, wala haimpasi mwanafunzi kumwekea maneno kinywani.

Mwaka 1980, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Moscow, alama yake ilikuwa dubu mdogo mwenye tabasamu, na jina lake Misha. Watoto walimkumbatia wanasesere wake. Hapana aliyeogopa kumtaja, na waliotaka kumtaja kwa jina kamili walisema medved, wakidhani kwamba hilo ndilo. Walikuwa wakilitamka neno la mwindaji wa zamani aliyesimama gizani, akajiziba mdomo, akasema Mla-asali. Yule mama wa Tršić, katika hofu iliyo kubwa kuliko ya mwindaji, maana alikuwa amezika watoto, alilitwaa jina la mnyama wa kutisha akalitia katika kinywa cha kijiji kizima, likaitwa asubuhi na jioni. Na neno vuk laishi. Mwindaji alinyamaza, na wajukuu zake hawakurithi jina, walirithi hofu. Dubu hakupungukiwa na kitu. Aliendelea kutembea msituni, wala kunyamaziwa hakukumzuia kuja. Kilichokufa kwa kutotajwa kilikuwa neno, na hakuna kamusi ya Waslavi, hata ile iliyoandikwa mara mbili, iwezayo kulirudisha vinywani mwao.